Kufungua kitovu cha nyumba janja kilichofungwa: mwongozo kamili, kuanzia bisibisi hadi Home Assistant

Tarehe 15 Mei 2016 seva za Revolv zilizimwa, na kitovu chake (kifaa kinachoziunganisha balbu, swichi na sensa za nyumba) kilichouzwa kwa dola 300 kikabaki kisanduku cha plastiki kisichojibu lolote. Mwaka 2019 Lowe's ikaifunga Iris, huduma yake ya vitovu kama hivyo. Mei 2020 Wink ikawatangazia wateja wake ada ya kila mwezi, na Aprili 2022 seva za Insteon zikanyamaza bila taarifa. Katika visa hivi vyote balbu zilikuwa nzima, redio ilikuwa nzima, umeme ulikuwepo. Kilichokosekana ni seva ya mtu mwingine, huko mbali, ambayo kitovu kilifundishwa kuiomba ruhusa kabla ya kuwasha taa ya chumbani kwako.

Mwongozo huu unahusu kukiachisha kitovu tabia hiyo. Niseme mapema ninapoegemea: usihangaike kuisukuma Home Assistant nzima (programu huria ya kuendesha nyumba janja) ndani ya kitovu. Chukua kile chenye thamani humo, yaani redio, kisha ubongo uuweke kwenye kompyuta nyingine. Wengi wanaokwama kwenye kazi hii hukwama kwa sababu wanataka kisanduku kidogo kifanye kila kitu, na kisanduku chenyewe hakikuumbwa kwa ajili hiyo.

Je, kuna haja ya kuvunja mlango?

Kabla hujashika bisibisi, chunguza kama mlango haujaachwa wazi. Vitovu vingi vinavyoonekana vimefungwa vina njia ya kuzungumza ndani ya mtandao wa nyumbani bila kupitia wingu, yaani seva za mtengenezaji. Kitovu cha Philips Hue kinakubali amri za ndani ukishabonyeza kile kitufe kikubwa cha juu, na Home Assistant inakitambua yenyewe. Dirigera ya IKEA nayo ina njia yake ya ndani. Kama kitovu chako kinajua HomeKit ya Apple au Matter (kiwango cha pamoja cha vifaa janja kilichotoka Oktoba 2022), huenda kazi yako ikawa ni kukiunganisha tu, kisha kukizuia kwenye ruta kisitoke nje kwenda intaneti. Ukifanikiwa hivyo, funga kurasa hizi ukalale.

Ukikuta hakuna njia, swali linalofuata ni kufuli la aina gani limewekwa. Kuna kufuli la nywila tu: kifaa kinaendesha Linux ya kawaida, ila nywila ya root, mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote, hujaambiwa. Hilo hufunguka. Kuna butiloda (programu ndogo inayowasha mfumo) iliyozibwa, ambayo haikupi nafasi ya kuikatiza wakati wa kuwaka. Hilo hufunguka mara nyingine kwa hila, kama ile iliyotumika kwenye Wink ya kwanza: unagusisha pini ya data ya chipu ya memori na GND (ardhi ya bodi) kwa sekunde moja wakati kifaa kinawaka, butiloda inashindwa kusoma mfumo, inachanganyikiwa na kukuachia dirisha la amri. Halafu kuna kufuli la sahihi, ambapo prosesa yenyewe inakagua sahihi ya kila programu kabla ya kuiendesha. Ukikutana na hili la mwisho kwenye kifaa cha bei nafuu, uza kifaa au kigawe. Muda utakaotumia unazidi bei ya redio mpya ya USB.

Kukijua kitovu bila kukifungua

Angalia nyuma kama kuna namba ya FCC ID. Vifaa vyenye redio vinavyouzwa Marekani husajiliwa, na faili za usajili mara nyingi zina picha za ndani zilizo safi kiasi cha kusomeka maandishi ya chipu. Unatafuta mambo matatu: prosesa ni ipi, RAM ni kiasi gani, na chipu ya redio ni ya nani.

RAM ndiyo inayoamua. Home Assistant kwa sasa inapendekeza angalau GB 2, na mwaka 2025 mradi ulitangaza kuachana na prosesa za biti 32, hivyo toleo la 2025.12 halikuja nazo tena. Vitovu vingi vya bei nafuu vina prosesa ya ARM ya biti 32 au MIPS, pamoja na RAM ya MB 32 hadi 256. Hesabu inajieleza.

Kuna vitovu vya katikati. Malango (ndivyo baadhi ya vitovu huitwa) ya Xiaomi ya aina ya DGNWG05LM na ZHWG11LM, kwa mfano, yana prosesa ya i.MX6 yenye nguvu za kutosha kuwekewa OpenWrt (Linux ndogo ya ruta), na juu yake watu huendesha Mosquitto (programu ya kupitishia ujumbe wa vifaa) na hata Domoticz, programu nyingine ya nyumba janja, ambayo imeandikwa kwa C++ na haili memori kama Home Assistant ya Python au openHAB ya Java. Kama unacho hicho na nyumba yako ina vifaa vichache, basi kisanduku kimoja kinaweza kukutosha. Lakini hata hapo mimi ningekitumia kama redio tu. Siku utakayotaka kuongeza kamera au chati za matumizi ya umeme, utahama tu.

Kwa mfano wa kufuata hatua kwa hatua nimechagua lango la Zigbee (redio ya nguvu ndogo inayotumiwa na balbu na sensa) la Silvercrest, TYGWZ-01, lililouzwa na Lidl. Ni dogo, kufuli lake ni la nywila, na limechambuliwa hadharani hadi mifupa. Ndani yake kuna prosesa ya Realtek RTL8196E, RAM ya MB 32, flashi (hifadhi ya kudumu) ya MB 16, na moduli ya redio TYZS4 ya Tuya, kampuni yenye wingu la lango hili, yenye chipu ya EFR32 ya Silicon Labs. Redio hiyo ni ya familia ileile inayopatikana kwenye vijiti vya USB ambavyo watu hununua kwa ajili ya Home Assistant. Kwa hiyo tayari unacho kitu kizuri. Kimevalishwa tu sare ya mtu mwingine.

Kama kitovu chako ni kingine, hatua ni zilezile. Zitakazobadilika ni amri za butiloda na majina ya mafaili.

Vifaa vya kazi

Utahitaji adapta ya USB kwenda UART, laini ya bodi ya kuzungumza kwa maandishi (CP2102, CH340 au FT232, yoyote), nyaya za kuunganishia, multimita, chuma cha kulehemu kama tundu za bodi hazina pini, na kompyuta yenye picocom, minicom au PuTTY. Adapta iwe imewekwa kwenye volti 3.3. Nyingine zina kijumpa cha kuchagua 3.3 au 5, na kijumpa hicho huja kikiwa mahali pasipofaa mara nyingi kuliko unavyodhani. Volti 5 kwenye pini za RTL8196E zinaweza kukimaliza kifaa kabla hujaona herufi hata moja.

Onyo la pili si la kifaa, ni la mwili wako. Kitovu kinachotumia chaja ya nje ya volti 5 ni salama kukifungua kikiwa kinawaka. Kitovu kinachochomekwa moja kwa moja ukutani, au swichi na plagi janja, usithubutu kukiunganisha na kompyuta kikiwa kwenye umeme wa ukutani. Ndani ya vifaa hivyo GND ya bodi inaweza kuwa imeungana na laini ya umeme wenyewe, na waya wako wa USB utaupeleka hadi kwenye kompyuta, na kwako.

Kutafuta pini

Fungua kisanduku taratibu. Vishikizo vya plastiki viko pembeni. Kwenye bodi ya TYGWZ-01 kuna safu ya matundu sita. Pini ya 1 ni 3.3V, ya 2 ni GND, ya 3 ni TX (ya kutuma), ya 4 ni RX (ya kupokea), na mbili za mwisho ni za kuprogramia chipu ya redio, ziache.

Hata ukiambiwa mpangilio, upime mwenyewe, kwa sababu bodi hubadilika kimyakimya kati ya toleo na toleo. Kifaa kikiwa kimezimwa, weka multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye chuma kinachozunguka tundu la waya wa mtandao, ya pili pitisha pini moja moja. Inayolia ni GND. Sasa washa. Pini inayokaa 3.3 bila kuyumba ni ya umeme. Ile inayoonyesha 3.3 kisha namba zinacheza kwa sekunde kadhaa baada ya kuwasha, ikishuka na kupanda, hiyo ni TX: kifaa kinazungumza, na multimita inaona wastani wa maneno yake. Kwa kitovu usichokijua, dalili hii ya TX ndiyo inayokuonyesha umefika penyewe.

Unganisha GND kwa GND, TX ya kitovu iende RX ya adapta, RX ya kitovu iende TX ya adapta. Pini ya 3.3V usiiguse. Kitovu kiwashwe na chaja yake, adapta isikilishe.

Fungua laini:

picocom -b 38400 /dev/ttyUSB0

Kasi ya lango hili ni 38400. Kwenye kitovu kingine anza na 115200, kisha 57600, kisha 38400. Herufi za ajabuajabu maana yake kasi si yenyewe. Skrini tupu kabisa maana yake TX na RX umeziunganisha kinyume, au GND haijashika.

Kupata nywila ya root

Chomoa chaja, shika kitufe cha ESC kwenye kibodi, chomeka chaja tena huku ukiendelea kubonyeza ESC. Badala ya mfumo kuwaka, utaona:

<RealTek>

Hiyo ni butiloda ikikungoja. Sasa soma sehemu mbili ndogo za flashi:

FLR 80000000 401802 16
DW 80000000 4
FLR 80000000 402002 32
DW 80000000 8

Amri ya FLR itakuuliza kama una uhakika, jibu Y.

Usinakili tu, elewa kinachotokea. FLR inachukua data kutoka kwenye flashi na kuiweka kwenye RAM, kwenye anwani 80000000. DW inaionyesha RAM hiyo kwenye skrini, neno moja baada ya jingine, kila neno likiwa baiti 4. Ndiyo maana baiti 16 zinasomwa kwa DW ya 4, na baiti 32 kwa DW ya 8. Na kwa nini anwani hizo? Flashi ya lango hili imegawanywa sehemu tano, na baada ya butiloda, kernel (kiini cha Linux) na mfumo wa mafaili, kuna kasehemu kadogo kanakoanza kwenye 400000 ambamo Tuya huweka vitambulisho vya kila kifaa. Nywila yako imo humo, imesimbwa, pamoja na ufunguo wa kuisimbulia. Ni kama kufunga mlango na kuning'iniza ufunguo kwenye kitasa.

Angalia sana herufi moja: butiloda hiyohiyo ina amri ya FLW, ambayo *inaandika* kwenye flashi. R na W ziko safu moja ya kibodi. Ukichoka, pumzika kabla ya hatua hii.

Nakili mistari yote ya majibu kwenye faili. Kuna skripti ya Python iliyochapishwa wazi, lidl_auskey_decode.py, inayokuomba mstari wa kwanza, yaani ufunguo, kisha ile miwili ya data iliyosimbwa. Itakupa ufunguo wa kifaa, na herufi nane za mwisho za ufunguo huo ndizo nywila ya root. Kila kifaa kina yake, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta nywila ya jirani.

Zima, washa tena bila kugusa ESC, subiri mfumo umalize kuwaka, bonyeza Enter, andika root na nywila. Umeingia.

Nakala rudufu kwanza, kabla ya lolote lingine

Hapa ndipo haraka inapoponza watu. Umeshaingia, mikono inawasha, unataka kuona balbu ikiwaka. Subiri. SSH ya lango hili, yaani njia ya kuingia humo kupitia mtandao, inasikiliza kwenye poti 2333. Kutoka kwenye kompyuta yako:

ssh -p 2333 root@192.168.1.50 "cat /proc/mtd"

Weka anwani halisi ya lango lako. Ruta itakuonyesha, na ni vema uiambie ruta ilipe lango anwani hiyohiyo siku zote, maana utaitegemea baadaye. Programu ya ssh ya kisasa inaweza kukataa kwa sababu lango linatumia njia za zamani za usimbaji. Ikilalamika, ongeza:

-oHostKeyAlgorithms=+ssh-rsa -oKexAlgorithms=+diffie-hellman-group1-sha1

Orodha itakayotoka inataja mtd0 hadi mtd4. Zinakili moja moja:

ssh -p 2333 root@192.168.1.50 "dd if=/dev/mtd0" > mtd0.bin

Rudia kwa mtd1, mtd2, mtd3 na mtd4. Ukijumlisha ukubwa wa mafaili yote matano unapaswa kupata MB 16 kamili, yaani baiti 16,777,216. Ikipungua hata baiti moja, rudia. Yaweke mafaili hayo mahali pawili, na usimpe mtu mtd3, kwa sababu ndani yake kuna utambulisho na ufunguo wa kifaa chako.

Kulibadilisha lango kuwa redio ya mtandaoni

Programu tunayoiweka inaitwa serialgateway. Kazi yake ni moja: inachukua kila baiti inayotoka kwenye chipu ya redio na kuipeleka kwenye mtandao kupitia poti 8888, na inayokuja kutoka mtandaoni inairudisha kwenye redio. Akili yoyote haina. Ndiyo sababu inatoshea.

Lazima utumie toleo lililokusanywa mahususi kwa prosesa hii. RTL8196E ni MIPS ya ukoo wa Lexra, na Lexra iliacha amri chache za MIPS za kusoma na kuandika data isiyokaa kwenye mpaka wa neno, kwa sababu ya hataza. Programu ya MIPS ya kawaida itaanza, itakutana na amri mojawapo kati ya hizo, na itaanguka. Hilo peke yake linatosha kukukatisha tamaa ya kuingiza Python humo.

Lango halina scp (amri ya kunakili mafaili kupitia SSH), kwa hiyo faili linapitishwa hivi:

cat serialgateway.bin | ssh -p 2333 root@192.168.1.50 "cat > /tuya/serialgateway"

Kisha ingia kwa ssh na uendeshe amri hizi:

mv /tuya/tuya_start.sh /tuya/tuya_start.original.sh
mv /tuya/ssh_monitor.sh /tuya/ssh_monitor.original.sh
echo "#!/bin/sh" > /tuya/ssh_monitor.sh
cat > /tuya/tuya_start.sh << EOF
#!/bin/sh
/tuya/serialgateway &
EOF
chmod 755 /tuya/serialgateway /tuya/tuya_start.sh /tuya/ssh_monitor.sh
reboot

Tumebadilisha majina ya skripti za awali, hatujazifuta. Tuya_start ndiyo iliyokuwa ikiwasha programu inayozungumza na wingu. Sasa inawasha yetu. Ssh_monitor ndiyo iliyokuwa ikiisimamia SSH, nasi tumeiacha tupu ili isije ikatufungia nje siku moja. Ile alama ya & mwishoni mwa mstari wa serialgateway usiisahau: bila hiyo skripti itaning'inia hapo na mfumo hautamaliza kuwaka sawasawa.

Lango likisharudi, jaribu kutoka kwenye kompyuta:

nc -vz 192.168.1.50 8888

Ikijibu kwamba imeunganika, kazi ya lango imekwisha. Rudisha kifuniko.

Usalama wa poti 8888

Poti hiyo haina nywila wala usimbaji. Yeyote aliye ndani ya mtandao wako anaweza kuiamuru redio, na kwa hiyo kila swichi na kufuli linaloitegemea. Usiifungue kwenda nje kwenye ruta hata kwa jaribio la dakika tano. Kama ruta yako inaweza kutenga mitandao, liweke lango kwenye mtandao wa vifaa, kisha ruhusu anwani moja tu, ile ya mashine ya Home Assistant, kufika 8888. Na lizuie lango kutoka nje kabisa. Halihitaji tena intaneti kwa chochote.

Mashine ya ubongo

Hapa nitapita haraka kwa sababu hii ndiyo sehemu rahisi. Raspberry Pi 4 au 5 yenye GB 2 au zaidi, kompyuta ndogo ya zamani ya biti 64, au kisanduku cha Home Assistant Green, vyote vinafaa. Weka Home Assistant OS, si usakinishaji wa Python kwa mkono; njia hiyo mradi umeacha kuiunga mkono. Kwenye Pi tumia SSD badala ya kadi ya SD, maana hifadhidata inaandika mfululizo na kadi huchakaa.

Waya kati ya lango na ruta, na kati ya mashine na ruta, uwe waya kweli. Itifaki ya EZSP, lugha ya kuzungumza na redio hii, inayopita hapo inasubiri majibu kwa muda mfupi sana, ikiamini kwamba redio iko umbali wa sentimita chache. Ukiipitisha kwenye Wi-Fi itafanya kazi leo, kesho itakatika usiku, na utailaumu Zigbee bure.

Kuunganisha: ZHA au Zigbee2MQTT

Ndani ya Home Assistant kuna ZHA, sehemu inayosimamia vifaa vya Zigbee. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya vifaa, ongeza Zigbee Home Automation, kisha chagua kuingiza mwenyewe. Aina ya redio ni EZSP, kasi 115200, na njia ni:

socket://192.168.1.50:8888

Zigbee2MQTT, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, inatambua orodha ndefu sana ya vifaa na inakupa udhibiti wa kina zaidi, lakini inahitaji Mosquitto pembeni. Kwenye mipangilio yake unaandika:

serial:
  adapter: ember
  port: tcp://192.168.1.50:8888

Kabla hujachagua, jua hili: fimuwea (programu ya ndani) ya redio iliyokuja na lango ni ya zamani, ya mfululizo wa EmberZNet 6. ZHA ni mvumilivu na itazungumza nayo. Kiendeshi cha ember cha Zigbee2MQTT kinadai 7.4 au zaidi, na kile cha zamani cha ezsp kimeshawekwa kwenye orodha ya kustaafu. Kwa hiyo anayetaka Zigbee2MQTT lazima asasishe fimuwea ya redio. Faili la .gbl lililojengwa kwa ajili ya chipu hii na kwa mpangilio wa pini wa lango hili hasa linatumwa kupitia SSH, na butiloda ya redio yenyewe inalipokea. Faili la chipu inayofanana lakini lenye pini tofauti litaingia vizuri, kisha redio haitasema neno tena, na utalazimika kuirudisha kupitia zile pini mbili tulizoziacha.

Ushauri wangu ni kuanza na ZHA kwa fimuwea iliyopo. Ishi nayo kwanza. Ukikuta sensa fulani haitambuliki vizuri, ndipo usasishe na kuhama.

Jambo moja ambalo halisamehe: ni programu moja tu inayoweza kuishika redio kwa wakati mmoja. ZHA na Zigbee2MQTT zikielekezwa kwenye lango moja zitanyang'anyana, na hakuna itakayofanya kazi.

Kuvihamisha vifaa

Mtandao wa Zigbee wa zamani haurithiwi. Kila balbu na sensa inabidi irudishwe kwenye hali ya kiwandani na kuunganishwa upya. Anza na vile vinavyokaa kwenye umeme muda wote, yaani balbu na plagi, kuanzia vilivyo karibu na lango kwenda mbali, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyopokezana ujumbe. Sensa za betri ziache mwisho, na kila moja iunganishe ikiwa mahali pake pa kudumu, si mezani kwako. Ikiunganishwa mezani inaweza kuchagua njia ambayo haifai ikishapelekwa varandani.

Chaneli ichague kabla ya kuunganisha kifaa cha kwanza, kwa sababu kuibadilisha baadaye kunaweza kukudai uviunganishe vingine upya. Zigbee inatumia chaneli 11 hadi 26 kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz ya Wi-Fi. Kama Wi-Fi yako iko kwenye 1, 6 au 11, basi Zigbee 15, 20 na 25 zinapenya katikati. Chaneli 25 inaonekana nzuri kwenye ramani, ila vifaa vingine hupunguza nguvu au hugoma karibu na mwisho wa masafa, kwa hiyo 15 au 20 ndizo ningeanza nazo. Lango nalo lisogeze kutoka kwenye ruta. Waya wa mtandao una urefu, utumie.

Kikigoma

Home Assistant ikisema haiwezi kufika kwenye redio, rudi kwenye nc. Poti isipojibu, ingia kwa ssh uangalie kwa ps kama serialgateway inaendesha. Kama haipo, iendeshe kwa mkono usome inachosema. Mara nyingi ni chmod iliyosahaulika. Poti ikijibu lakini ZHA inagoma, zima lango sekunde kumi uliwashe, maana muunganisho wa awali unaweza kuwa bado umeishikilia redio.

Vifaa vikikatika kila baada ya muda, kwanza angalia chaja. Chaja dhaifu ya volti 5 inaleta matatizo yanayofanana kabisa na ya redio mbovu.

SSH ikikataa kabisa, kifaa hakijafa. UART iko palepale, kwa nywila ileile, na skripti za awali ziko kwenye /tuya kwa majina ya original. Ili kurudisha lango kama lilivyotoka kiwandani:

mv /tuya/tuya_start.original.sh /tuya/tuya_start.sh
mv /tuya/ssh_monitor.original.sh /tuya/ssh_monitor.sh
reboot

Kama uliisasisha fimuwea ya redio, programu ya Tuya huenda isielewane nayo. Irudishe nayo kwanza kwenye ya mfululizo wa 6, ndipo uendeshe amri hizo tatu.